Ukuta Ulioshikwa na Majani

Mererid alikuwa bado msichana alipochomeka vijiti vya mmea mtambazi kwenye msingi wa nyumba ya baba yake, upande unaopigwa na upepo wa milima ya Wales. Mama alitaka kijani. Vijiti vikashika, vikapanda jiwe kwa jiwe, mpaka ukuta ukapotea machoni.

Ujana wake uliishia humo humo, akiwaosha wazazi, akiwalisha, hata akawazika. Matanga hayajapoa, mdogo wake Idwal akaja kutoka mjini na mkewe Nesta, akasema baba alimwachia yeye nyumba. Mererid akahamishiwa banda la kondoo.

"Harufu hutaisikia, dada," Idwal alimwambia. "Umezoea wagonjwa."

Nesta peke yake ndiye aliyekuwa akivuka ua na kipande cha mkate wa zabibu, amekificha chini ya aproni.

Asubuhi moja ya Machi, Idwal alifunga kamba kwenye shina la ule mmea, nene kama paja.

"Leo nalivua hili koti la wachawi. Ukuta upumue!"

Mererid alikuwa akimenya viazi mlangoni pa banda. Baba alimfundisha: mtambazi mzee hukatwa shina, ukaachwa ukauke mwaka mzima, ndipo uvutwe. Ukiwa mbichi, vijizizi vyake vimekwisha kula chokaa yote, na ndivyo vinavyoshika mawe; ukiuvuta, ukuta hushuka nao. Maneno yalimfika mdomoni. Akayameza.

"Mbona kimya, dada? Utayalilia majani?"

"Vuta tu, mdogo wangu. Nyumba si yako?"

Idwal akacheka, akajitia kamba begani pale pale chini ya ukuta. Majani yakatikisika mpaka paani. Chokaa ikaanza kumwagika kama unga wa gunia lililotoboka. Kunguru wakaruka kutoka kwenye dohani. Idwal aliona vumbi tu, akavuta tena.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nesta akatoka na kikombe cha chai, akawa anamwendea mumewe.

Kisu kikamponyoka Mererid.

"Nesta! Wifi, kimbia! Njoo huku kwangu!"

Nesta akatupa kikombe, akakimbia. Juu, jiwe la kwanza likalegea. Idwal akageuka kumtazama dada yake, kamba ingali begani, kama mtu anayengoja naye aitwe.

Mererid akainama, akaokota kisu chake.