Jiwe Lililofichwa na Masale

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kukionea wivu kijiji. Mimi nimewahi, tena kijiji cha Ujerumani ambacho sijakikanyaga.

Kazi yangu ni kumhudumia ajuza mmoja wa Kizungu nyumbani kwake Maplewood, huku Marekani. Natoka kwangu Phillips asubuhi, naendesha polepole kwenye barabara iliyomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, nikifika namwogesha, nampa dawa, namkaangia yai. Majira ya baridi yaliyopita binti yake alimletea kitabu kinene chenye jalada la kijani: historia ya kijiji walikotoka babu zake. Nyumba hazifiki hamsini, kiko mpakani kabisa, ukivuka mto uko nchi nyingine. Macho yake yamechoka, kwa hiyo nikawa namsomea mimi.

Kila kitu kimo. Kijiji kilikuwa cha watawa, kikawa cha mtawala mdogo wa eneo lile, wakaja Wafaransa, wakaja Waprusi, na mwisho kikaunganishwa na mji wa jirani kikapoteza hata mwenyekiti wake. Kila kijito kina jina. Kila nyumba imeandikwa nani alizaliwa humo na nani aliihama.

"Na cha kwenu?" aliniuliza siku moja. "Kitabu chenu kina picha?"

Nilimwambia kwetu hakuna kitabu. Akanigusa mkono taratibu, kama unavyomgusa mfiwa. Nilikwenda jikoni nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Maana na sisi tulikuwa na mpaka. Nimelelewa na bibi yangu Rombo ya chini, upande wa Tanzania, baada ya mama kufariki. Bibi alisimulia kwamba alipozaliwa mama yake, kwetu kulikuwa kwa Mdachi na ng'ambo kwa Mwingereza. Kisha Mwingereza akachukua kote, na watu wakasahau mstari. Baadaye tulihesabiwa watu wa Moshi, halafu Rombo ikawa wilaya yenyewe, halafu kata yetu ikakatwa mbili, na bibi akasema amehama mara nyingi bila kuinuka kwenye kigoda.

Nyuma ya nyumba ya mama mkubwa, hatua chache kutoka kwetu, lilikuwepo jiwe la mpaka, lenye kichwa cha saruji na herufi zilizofifia. Bibi alilizungushia masale, ile mimea tunayopanda kugawa shamba na shamba, yakakua marefu yakalimeza. Jiwe lilikuwa kati ya nyumba yetu na yake, kwa hiyo kwa haki ya ramani mama mkubwa alilala Kenya. Lakini sote tulifanya kana kwamba mpaka ni ile njia ya ng'ombe kule mbele, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Mama mkubwa alikuwa na binti mmoja, aliyenizidi mwaka mmoja. Kwa desturi yetu ni dada yangu, na ndivyo nilivyomwita. Loo, nilivyomwonea wivu! Tulikata majani ya ng'ombe pamoja, tulipukuchua mahindi pamoja, lakini mwalimu alimchagua yeye awasomee wageni wa shule. Bibi akimaliza kupika, ukoko wa chini ya sufuria, ule mkavu unaonukia moshi, aliumwagia maziwa ya mgando akampa yeye kwanza. Nami nilijiambia: huyu ana mama, ana kwao, anataka na bibi pia?

Kisha bibi alinunuliwa doti ya khanga nyekundu. Aliipasua katikati. Kipande kimoja alijifunga, kingine akampa dada. Mimi niliambiwa nisubiri mwaka mwingine.

Wiki ileile walikuja wapima ardhi na vyombo vyao vya miguu mitatu. Walizunguka siku mbili, wakubwa wote wakawaambia hawajui lolote. Siku ya tatu mmoja wao alitukuta watoto njiani, tumebeba kuni.

"Nani kati yenu ameona jiwe lenye kichwa cha saruji?"

Wenzangu walitazama chini. Mimi nilinyoosha kidole kuelekea kwenye masale.

Sikujua yatakayofuata, nilitaka tu dada apate aibu kidogo. Lakini masale yalifyekwa siku ileile, jiwe likaonekana, na nyumba ya mama mkubwa ikahesabiwa ya Kenya. Mwalimu mkuu alisema hawezi kuandikisha mtoto wa nchi nyingine kwa mtihani wa darasa la saba. Dada akapelekwa shule ya ng'ambo, akarudishwa madarasa mawili kwa sababu ya Kiingereza. Mwaka haukuisha, mama mkubwa akafunga nyumba wakahamia Taveta, ndani ya Kenya.

"Nani aliwaonyesha?" bibi aliniuliza.

"Sijui, bibi."

Aliendelea kuchambua maharage. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa. Ukoko wote ukawa wangu, na ulinishinda kumeza.

Haya yote yalinirudia kwa sababu ya kitabu cha watu wengine. Jumamosi iliyofuata, asubuhi kwangu na jioni kwake, nilimpigia dada. Sasa ni mwalimu Taveta. Nilikusudia kumwomba anitajie nyumba zote, nianze kuandika kitabu chetu na sisi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema:

"Dada, ni mimi niliyewaonyesha wale wapima lile jiwe."

Nikasikia mtu anakwangua sufuria.

"Najua," alisema. "Nilikuwa juu ya mparachichi, pale njiani. Nilikuona."

"Kwa nini hukumwambia bibi?"

"Angekufukuza, mdogo wangu. Ungekwenda wapi? Mimi nilikuwa na mama." Akavuta pumzi. "Ila nilikuchukia, nisikufiche. Miaka. Wewe ulibaki na bibi, mimi nikakaa na wageni wananicheka ninavyosoma. Nilikuonea wivu mpaka nikaugua."

Nikamwomba msamaha, akasema alishasamehe siku nyingi, na kwamba nisilie kwenye simu ya mbali. Kisha nikamuuliza kuhusu nyumba ya mama mkubwa, jiko la bibi, ule mparachichi.

"Hujui? Walipanua barabara, wakabomoa vyote. Nilipita Krismasi. Sikuweza hata kujua nisimame wapi."

Miaka yote nilikuwa na uhakika kwamba yeye, aliye karibu, anaweza kwenda pale siku yoyote akakaa kivulini, na hilo nalo nililimezea mate kutoka huku kwenye theluji. Kumbe naye hana pa kurudi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukosa cha kumwonea wivu dada yangu, na hapo ndipo nilipolia kweli.