Mwito Kutoka Kwenye Jiwe

Kule Mapera watu wanamjua Emiliana kwa kusoma masomo kanisani. Anasimama kwenye mimbari, sauti imenyooka, kila sentensi anaitua pale pale ilipotua ya kwanza. Wazee wanapenda. Lakini mjini Kitai, kwenye chumba cha kurekodia chenye trei za mayai ukutani, sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomwangusha.

“Emi, misa imekwisha, nenda na amani,” alisema Pankras, anayerekodi mchezo wa redio, akivua hedifoni. Luisa, mwigizaji mwenzake Emiliana, akacheka mpaka maiki ikavuma. “Wewe unasoma,” Pankras akaendelea. “Mama wa kwenye mchezo anaona mvua inakuja, mtoto yuko ng'ambo ya bonde, atasoma? Unamwita nani?”

Emiliana akaitazama tena karatasi ya mchezo.

“Jumamosi ukishindwa, sehemu ya mama nampa Luisa,” Pankras akasema, wala si kwa ubaya.

Unamwita nani. Njia nzima ya kurudi Mapera swali lilimfuata, maana jibu alikuwa nalo. Shamba lao la ngoro, lile la mashimo ya kuzuia maji yasibebe udongo, liko mteremko huu, nyumba mteremko ule, katikati bonde. Kila jioni mama yake, Kunigunda, alisimama juu ya jiwe shambani akaita, na nyumbani wakaja kumpokea mzigo. Tangu azikwe, baba yake, mzee Hyasinti, alikataza mtu yeyote kuita kutoka kwenye jiwe lile mpaka misa ya kutimiza mwaka. Wakitaka kitu ng'ambo, wanatembea.

Misa hiyo ilikuwa bado, lakini Ijumaa Emiliana alipanda juu ya jiwe. Alivuta pumzi kutoka tumboni, kama Pankras alivyomfundisha, akaita jina lake mwenyewe, kama mama yake alivyokuwa akimwita.

“Emiliana weee! Mvua hiyooo!”

Bonde likarudisha. Halafu mlango wa ng'ambo ukafunguka.

“Naam, Mama Emi! Nakuja!”

Baba akashuka mbio na mwavuli, yeye na magoti yake mabovu, akiruka kati ya mashimo ya ngoro. Jua lilikuwa linawaka.

Alipofika alimtazama binti yake, akaushusha mwavuli.

“Shikamoo, baba,” Emiliana akasema.

Marahaba haikutoka. “Mwishoni umepandisha sauti,” baba alisema hatimaye. “Yeye alikuwa anashusha. Mwishoni alikuwa ameshakuona unakuja.” Akageuka. “Usiite tena hapa.”

Jumamosi, saa kumi kasoro, Emiliana alifumba macho mbele ya maiki. Hakuanza mpaka amwone wa kumwita. Hakumwona yule mtoto wa kwenye karatasi. Alimwona mzee mwenye mwavuli, anashuka. Akaita, na mwishoni akashusha.

Luisa hakucheka. Pankras akavua hedifoni.

“Basi,” akasema. “Hiyo haturudii. Sehemu ni yako.”

Alipofika nyumbani, baba alikuwa amekaa kizingitini, suruali imejaa vishona nguo, zile mbegu za porini zinazonasa, mwavuli miguuni.

“Baba, nimepata.”

“Saa kumi kasoro uliita.” Hakuwa anauliza.

“Nani amekuambia?”

“Nilisikia, nikavuka bonde mpaka kwenye jiwe. Sikukuta mtu.”

Emiliana akakaa kando yake, akaanza kumbandua vile vishona nguo kimoja kimoja. Ng'ambo, shamba lilikuwa kimya.

“Huo mchezo,” baba akauliza polepole, “redioni watauweka mara ngapi?”