Serikali ya Meja Muhdhar

Nchi nyingi hupinduliwa na majenerali. Ngomeni ilipinduliwa na mpishi.

Muhdhar alilipikia jeshi maharage kule Nanyuki mpaka mgongo ukamshinda, akarudi kwao na koti la kijeshi na redio. Kijiji kikambandika jina la Meja. Hakukasirika. Mtu aliyekaripiwa miaka yote kwa sababu ya chumvi hakatai kupandishwa cheo, hata na wavuvi.

Jumapili ile ya Agosti 1982, asubuhi, redio yake ilitangaza kwamba wanajeshi wametwaa serikali na polisi sasa ni raia tu kama sisi. Ikafuata muziki, sauti ikafifia, betri zikafa. Dukani hazikuwepo nyingine. Muhdhar akazianika juani juu ya banda la kuku, kama sote tulivyofanya, zipate nguvu za maneno mawili matatu zaidi. Kisha akavaa koti.

"Waenda wapi?" akauliza mkewe, Hafidha.

"Kutawala."

"Na hawa samaki atawapaa magamba nani?"

Alikwenda moja kwa moja kwa naibu chifu, Kombe, mtu ambaye bila kibali chake hata ngoma ya harusi haikulia. Kombe alimtazama usoni, akaona mpishi. Akatazama koti, akasimama.

"Mkubwa, mimi nilikuwa nafuata amri tu," akasema, na hakuna aliyekuwa amemshtaki.

Basi Kombe akapewa ufagio, afagie soko la samaki. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ngoma zikaruhusiwa bila kibali, vijana wakapiga vigelegele, wakajitolea kuwa jeshi. Serikali ingeishia hapo ingekuwa bora kuliko nyingi nilizozisikia. Lakini alasiri Muhdhar akapita penye baraza la wazee, na Mzee Aboud, tajiri wa mashua ambaye hakuwahi kuitikia salamu yake, akainuka. Akainuka kabisa, na kofia akavua.

Muhdhar akazunguka msikiti, akapita tena. Jioni akatoa amri: kila amwonaye kiongozi asimame, mgonjwa na mzima.

Jumatatu akaja Kahonzi, mchuuzi wa ng'onda, wale samaki wakavu, akitokea Malindi. "Meja, vua hilo koti, bwana. Serikali yako ilikufa jana mchana! Walioasi wanasakwa kama panya."

"Uchochezi," akasema Muhdhar, akamfungia kwenye banda la nyavu.

Kombe alisikia yote. Aliulaza ufagio chini taratibu, kama anayelaza mtoto, akashika njia ya Malindi kwa miguu.

Hafidha aliziteremsha betri, zimekwisha kupata moto. "Tia redioni, tusikie."

"Ziache kidogo. Hazijawa tayari."

"Jua la siku mbili, mume wangu! Waogopa nini?"

Akazitia mwenyewe. Redio ikakohoa, ikasema serikali iko imara, ikawashukuru askari watiifu. Muhdhar akaizima.

"Hao ndio waasi," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Nipe hilo koti nikalizike mchangani. Wakija, mimi nitasema ulikuwa na homa ya kichwa. Nakuomba, Muhdhar. Sijapata kukuomba kitu."

"Aboud aliniinukia, Hafidha."

"Wataka kufa kwa ajili ya makalio ya Aboud?"

Muhdhar akafunga vifungo vya koti. Akatoka kwenda kukagua jeshi lake, ambalo lilikuwa limekwisha kwenda kuvua.

Lori la askari lilifika Jumanne, Kombe kakaa mbele na dereva. Wenye lori waliuliza nani kiongozi hapa. Vidole vyote vya baraza vilinyooka pamoja, na cha Aboud mbele. Walimpiga Muhdhar kwa vitako vya bunduki hapo hapo penye magamba ya samaki, mpaka Hafidha akamlalia, wakampiga na yeye. Kahonzi, aliyefunguliwa bandani, ndiye peke yake aliyesema, "Jamani, huyu ni mpishi." Akapigwa kofi, na Muhdhar akatupwa ndani ya lori.

Hafidha alibeba chungu cha chakula hadi Malindi, hadi Mombasa. Kila lango la jela lilimwambia hakuna mtu wa jina hilo. Chakula alikuwa akiwapa wake wengine waliosubiri, ambao nao walikuwa wakitafuta watu wasiokuwepo.

Mwaka uliofuata lori la chumvi lilimshusha Muhdhar njia panda. Sikio moja limekufa, vidole havikunjuki. Waliomwona walikumbuka shughuli zao nyumbani. Jina la Meja lilifutika. Hakuna aliyemwita lolote.

Hafidha alimkalisha mkekani, akamwekea wali na samaki wa kupaka.

"Karibu, mume wangu."

Muhdhar alitazama ukuta.

"Chakula hicho. Chapoa."

Ukuta. Mate yalimtiririka kidevuni.

Hafidha akajaribu sauti ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani mwake. "Kula!"

"Ndiyo, afande," akasema Muhdhar, akala mpaka akaambiwa aache.