Pasi Iliyolala Kifudifudi

Hata ugenini walimwita Dobi, ingawa tangu mji wao ugeuke mahame hakuwahi kushika pasi tena. Mumewe alivaa mashati yenye makunyanzi, na alijifunza kutouliza.

Asubuhi ile mizinga ilipoanza kunguruma mjini kwao, Dobi alikuwa akinyoosha shati la mteja. Alimbeba mwanawe mgongoni, akatoka mbio. Walipofika ng'ambo ya mto, waliona moshi mweusi ukipanda upande wa mtaa wao. Dada wa mumewe akamtania, kama mawifi wanavyotaniana: "Wifi, pasi uliizima?"

Hakukumbuka. Mzaha ule ukawa mwiba. Watu walipolilia nyumba zao, yeye aliinamisha kichwa. Aliamini mtaa mzima umeungua kwa mkono wake.

Mtoto wa mgongoni akaota ndevu. Ndipo wanajeshi wakafungua uzio waliouzungushia mji, kwa siku moja, watu wakaangalie makwao. Wifi akaenda naye, akisema yeye aliyeuchokoza moto kwa mzaha wake naye auone.

Walitembea katikati ya barabara, majani yakiwafika magotini. Kwa kinyozi, taulo lilikuwa bado begani mwa kiti, kana kwamba mteja katoka kidogo kupokea simu. Kwenye kamba, nguo zilikuwa zimechakaa kwa jua hata mwanga ukapita ndani yake. Ule ukimya haukuwa wa kifo. Mji ulikuwa kama umebana pumzi, unasikiliza nani anakuja.

Lililoungua lilikuwa ghala la matairi, nyuma kule. Mtaa wao ulikuwa bado umesimama.

Mlango ulikuwa wazi, kama alivyouacha. Mezani, pasi ililala kifudifudi juu ya shati. Waya ulikuwa ukutani, swichi imewashwa. Dobi aliinyanyua taratibu. Chini yake palikuwa na alama hafifu, rangi ya chai iliyopoa. Umeme ulikuwa umekatika kabla kitambaa hakijashika moto. Vita vilivyomnyang'anya mji ndivyo vilivyomwachia nyumba.

Wifi akaketi kwenye kigoda, akaulaumu ulimi wake, akaomba radhi.

"Ulisema kweli, wifi," Dobi akamjibu. "Sikuizima."

Kisha akacheka, kicheko kirefu kilichotoka nje kikazunguka vyumba vya majirani. Akazima swichi, akachomoa waya, akauzungushia mpini, akaisimamisha pasi wima, kama alivyowafundisha wasichana wake wa kazi.

"Umeme wenyewe hakuna," wifi akasema. "Unazima nini?"

"Siku umeme ukirudi, usiikute imelala."

Wengine walitoka na masufuria na picha za harusi. Askari wa uzioni alipoiona mikono yake mitupu, akamuuliza kama hakupata kitu. Dobi akamwambia alikuwa amekuja kuzima pasi. Askari akamtazama wifi, wifi akaitikia kwa kichwa: ni kweli.

Jioni, waliporudi ugenini, alibisha kwa jirani, akaazima pasi. Mumewe alikuwa kibarazani.

"Baba watoto," akamwambia, "hebu vua shati hilo."