Kopo mbili za mahindi, moja ya muhogo

Leo niko na duka tatu za bunga hapa Ruashi, na sekondari sikuimaliza. Lakini harufu ya bunga ya muhogo ikinipiga puani, narudi kwenye jiko la mama, siku bakwe walikuja kumuomba yaya wangu, dada yetu mukubwa.

Kwetu bukari, ugali wetu, ilikuwa kopo mbili za mahindi na moja ya muhogo. Wageni walikuwa wengi, basi nikaongeza kopo mbili kila upande. Nilijiona fundi! Yaya akasonga; bukari ikanata kwenye mwiko kama gundi.

— We mutoto! Unataka banikatae sababu ya bukari?

Nikahesabu: nne kwa tatu. Na wiki nzima mwalimu alikuwa anatupigia kelele: ukizidisha huku mara mbili, zidisha na kule mara mbili! Mbio nikapima upya, nne za mahindi, mbili za muhogo. Ikatoka laini, haishiki kidole. Baba ya muchumba akaomba ingine.

— Nani alikufundisha? yaya akauliza, anacheka.

— Miye mwenyewe.