Kichwa cha Kiazi Kikuu

Godwin alipika vizuri; hilo mama yake, Yuditha, hakulikana hata baadaye. Kijana alipanda Marangu kutoka Soweto, kule mjini Moshi, akiwa likizo. Akakuta kihamba cha mama yake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kimejaa magugu, akakisafisha chote. Chini ya mti wa mringaringa aliona kamba za kiazi kikuu zimekauka kwa kiangazi. Akazikata, akachimba viazi, akavimenya na kuvipika kwa maziwa. Mama yake aliporudi kutoka kanisani alikuta chakula kinamsubiri.

Alikula, akaongeza. Ndipo akauliza, "Na vichwa umeviweka wapi?"

"Vichwa gani?"

"Vya viazi, baba. Pale juu kamba inapoanzia."

Godwin akatazama sufuria. "Ndivyo hivi tunavyovila, mama."

Kichwa cha kiazi kikuu hakiliwi. Hukatwa kikarudishwa shimoni na majivu kidogo, na mvua ikija kinatoa kamba mpya ya kupanda mtini. Mbegu ile Yuditha alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Ndiyo iliyomlisha alipojifungua Godwin, upepo ulipokuwa umeilaza migomba yote. Sasa ilikuwa imeishia sahanini.

Alijua pa kuipata. Winfrida, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alipokuja kama bi harusi alipewa na Yuditha kichwa kimoja. Lakini kuomba kitu ulichokitoa mwenyewe kunatia aibu. Siku zikapita, mawingu ya vuli yakaanza kushuka mlimani, na Yuditha bado anazunguka karibu na uzio wa Winfrida, akijifanya anakata majani ya ng'ombe.

Mwishowe Winfrida akamwita. "Shikamoo, mama. Huyo ng'ombe wako siku hizi anakula sana."

"Marahaba. Hamfikii Godwin."

Akamsimulia. Winfrida alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani mtoto kala hadi mbegu, na mama yake kamsaidia?"

"Niliongeza sahani, mwanangu. Kilikuwa kitamu."

Winfrida akachukua jembe, akachimba, akakata kichwa kinene na kukifunga kwa jani la mgomba. Yuditha akafungua mdomo.

"Usiseme," Winfrida akamkatiza. "Si wewe uliyenifundisha kwamba mbegu ikishukuriwa kamba inagoma kupanda? Mimi bi harusi nataka kuonyesha adabu, wewe ukaniziba mdomo kwa mkono wenye udongo."

Yuditha alikuwa amesahau. Mama mkwe wake naye alimziba hivyo hivyo. Akaubana mdomo, akaushika mkono wa Winfrida kwa mikono yake miwili, na hakuuachia upesi.

Nyumbani Godwin alichimba shimo mwenyewe, akanyunyiza majivu, akakilaza kichwa taratibu kama anamlaza mtoto.

"Nimpigie dada Winfrida simu nimshukuru?"

"Thubutu," mama yake akasema, macho yamemlowa. "Mpelekee maziwa ya jioni. Akikuuliza ni ya nini, mwambie hujui."