Mama Aliyeshuka kwenye Machela

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai: yule mama mfanyabiashara wa jumla, mwenye depo ya maharagwe na vitunguu karibu na parokia yetu ya Makomeno, amefariki. Aliugua kwa muda mfupi, moyo ukachoka, na watoto wake walikuwa pembeni yake. Nilikwenda kwenye kilio siku ileile, nimejiandaa kwa huzuni kama inavyopasa, nikakuta uani watu wanacheka. Katikati yao alisimama mwanamume mmoja aliyekuwa ameshusha kwenye baiskeli yake gunia la makala, mkaa wa kuwapikia waombolezaji, na alikuwa akiapa kwa sauti: "Bantu bote banasema banaamini ufufuko. Mi niliona! Huyu mama alifufuka mbele yangu, usiku, mu njia ya pori, akanisalimia!" Binti mkubwa wa marehemu alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kwa kuwa usiku anaousema yule bwana mimi nilikuwepo, naona ni haki wasomaji wangu nao wapewe kisa hicho.

Sisi ni kikundi cha waokoaji wa kujitolea. Tunajifunza kufunga majeraha, kutuliza mfupa uliovunjika na kubeba mgonjwa kwa machela. Kiongozi wetu ni mstaafu wa reli, mtoto na mjukuu wa watu wa reli waliotoka kaskazini mwa Katanga, mzee anayependa mambo yaende kwa mpangilio na anayeongea na binadamu kama anayeongea na treni. Kila Jumamosi tulifanya mazoezi katika uwanja wa parokia, na ukuta wa uwanja huo ndio ukuta wa depo ya mama. Jumamosi moja aliingia getini, mikono kiunoni. "Kila posho, kila Jumamosi, minasikia muntu analia 'nakufa, nakufa' nyuma ya ukuta yangu. Baclients banakimbia. Huyu muntu hataponaka siku moja?" Kiongozi akamweleza kwa heshima kwamba ni mazoezi, hakuna anayekufa. Mama alimtazama kijana aliyelala chini na bandeji kichwani, akatutazama sisi, akauliza, "Na akikuya mugonjwa wa kweli, mutaweza?" Jumamosi iliyofuata alirudi amevaa kitenge na raba za michezo, akapanga mstari pamoja na vijana wa umri wa watoto wake.

Watu walishangaa. Mama wa biashara zake, malori yake yako njiani, mteja anasubiri mlangoni, anatafuta nini kwa wafunga bandeji? Wengine walimtania kwamba anatafuta wateja wa vitunguu. Wengine, na hili nalisema bila raha, walinong'ona kwamba hawa watu waliotoka Butembo, mji wa mbali alikozaliwa yeye, hawafanyi kitu bure. Yeye aliyasikia yote. Alikuwa na kicheko kikubwa kilichoanzia tumboni, na mara nyingi alikitumia mahali ambapo mimi ningetumia matusi.

Ndipo kiongozi akatangaza mwendo wa usiku. Tungeondoka Kasapa, pembezoni mwa mji, jioni, tuache majengo ya chuo kikuu nyuma yetu, tupite porini na vijijini hadi kituo kimoja cha afya, tufike jua linapochomoza. Njia nzima tungembeba kwa zamu mtu mmoja anayejifanya mgonjwa, kwa sababu huko hakuna gari linalofika wakati wa mvua na mgonjwa halisi hubebwa hivyohivyo. Alimshauri mama abaki nyumbani: umri, uzito, umbali. Mama akasema, "Kama siwezi tembea, munibebe." Tulicheka. Kiongozi hakucheka, aliona tatizo lake limepata jibu. Mama akawa mgonjwa wetu.

Ilikuwa msimu wa baridi, ile baridi yetu ya kiangazi inayoingia hadi kwenye meno. Tulimfunga mama kwenye machela, tukamfunika blanketi, tukaondoka kwa mbwembwe. Baada ya kijiji cha kwanza mbwembwe zilikwisha. Mabega yaliwaka, vijana waliguna, kila zamu ilionekana ndefu kuliko iliyopita. Ili kujisahaulisha tukaanza kubishana kuhusu mpira. Tulipovuka kijito mguu wa mbebaji mmoja uliteleza, machela ikainama, mama akapiga yowe. Tukacheka, tukamwambia atulie, mgonjwa hapigi kelele. Baadaye alivuta blanketi hadi juu ya kichwa kwa sababu ya baridi, akanyamaza. Tulidhani amesinzia.

Kwenye kona moja, kati ya vichuguu virefu, tulikutana na mwanamume akisukuma baiskeli iliyojaa magunia ya makala, akiwahi soko la asubuhi mjini. Aliona taa, aliona watu wamebeba mtu aliyefunikwa hadi kichwa. Akasimama pembeni, akavua kofia. "Poleni, bandugu," akasema kwa upole. "Ni nani amekufa?"

Kabla hatujafungua kinywa, blanketi likafunuka. "Haiko muntu amekufa, papa," mama akajibu kutoka kwenye machela. "Tuko mu mazoezi. Jambo yako!"

Sijawahi kusikia tena mlio kama ule. Baiskeli ilianguka upande wake, mwenyewe akaruka upande mwingine, shimoni. Tulianza kucheka, halafu tukasikia analia, na kilio kile hakikuwa cha woga. Tuliposhusha taa tukaona mguu wake umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Jumamosi zote zile za mazoezi, na sote tulisimama kama nguzo. Aliyesogea wa kwanza ni mgonjwa wetu. Alijifungua mikanda, akashuka kwenye machela, akatelemka shimoni na kitenge chake. Yule bwana akaanza kurudi nyuma kwa viwiko. "Usiniguse! Weye ulikuwa mufu!"

"Shika mukono yangu," mama akamwambia. "Shika tu. Iko moto ao iko baridi?"

Mtu yule alishika, akiwa amefumba macho. "Iko moto," akakubali.

"Njo vile. Sasa, mi sitakuacha. Lakini ule mugulu iko mubaya, batakufunga na miti, itauma kidogo. Nitakuambia mbele baanze."

Hapo kiongozi akapata sauti yake, nasi tukapata mikono yetu. Tulikata fito, tukatuliza mguu, tukamfunga kwa kitambaa cha kitenge. Alipoona anawekwa kwenye machela akakataa katakata: magunia yake yataibiwa, na nyumbani wanasubiri anachorudi nacho. Mama akanigeukia. "Weye mwandishi, unazoea kusukuma kalamu. Leo sukuma makala." Nilisukuma. Nawaambia kwa dhati kwamba tangu usiku ule sijawahi kulalamika juu ya bei ya makala.

Nilikuwa nyuma kidogo tu ya machela, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mama alitembea kwa miguu yake mwenyewe, njia yote iliyobaki, ile aliyoambiwa hataiweza, mkono wake begani kwa mgonjwa. "Sasa tunashuka, utasikia kichwa inaenda chini, usiogope. Iko jiwe, bataruka. Hapa banabadilisha mabega, utatikisika kidogo. Njo vile, imeisha." Alipochoka alishika ubao wa machela kidogo, akapumua, akaendelea. Yule bwana aliyekuwa akipiga kelele kwa kila hatua alitulia, kisha akaanza kuuliza maswali, kisha akamweleza habari za watoto wake. Tulifika kituoni alfajiri. Muuguzi alimpokea, akatuambia mguu umefika ukiwa umetulizwa vizuri. Ulikuja kupona, na mwenye mguu akarudi kwenye baiskeli yake na kwenye urafiki na mama ambao haukukatika.

Asubuhi ile, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la kituo tukinywa chai, kiongozi alimuuliza mama amejifunza wapi kuongea na mgonjwa namna ile, maana yeye hakutufundisha. "Mu brancard, mu ile machela yenu," mama akajibu. "Mulinibeba muzuri, siwezi danganya. Lakini hakuna muntu aliniambia kintu. Mulikuwa munaongea mpira juu ya tumbo yangu. Mi naona nyota tu. Napanda, nashuka, sijui kama iko muto ao iko shimo. Niliogopa sana, na tena ni mazoezi." Jumamosi iliyofuata mzee wa reli alilala yeye mwenyewe kwenye machela, akaamuru tumzungushe uwanjani. Alikamata kingo kwa mikono miwili kama mtoto kwenye bembea. Tangu hapo hakuna anayebeba kwetu kabla hajabebwa.

Nimewaza sana kuhusu maneno ya mama, kwa sababu mji wetu umejaa watu wanaobeba wengine. Daktari anabeba, mwalimu anabeba, mkuu wa ofisi anabeba, hata mtoto anayemtunza baba mzee anabeba. Wengi wana mabega mazuri. Lakini soko linahamishwa na muuzaji anajua siku ya kuhama ikifika. Mgonjwa anachomwa sindano na hajui ni ya nini. Mzee anapelekwa kuishi kwa mtoto mwingine na anaambiwa akiwa tayari ndani ya gari. Tukilaumiwa tunajibu kwamba tumewasaidia, na ni kweli tumewasaidia, huku tukiongea mpira juu ya matumbo yao. Mama huyu aliitwa mgeni na baadhi yetu hadi miaka yake ya mwisho. Yule bwana aliyelala shimoni hakumuuliza kwao ni wapi, alimuuliza, kila baada ya kona, "Mama, ungali hapa?"

Kama jioni hii una mgonjwa nyumbani, usianze kwa nguvu zako. Kabla hujamgeuza ubavu, inama karibu na sikio lake umwambie, "Sasa nakugeuza." Mpe nafasi ya kuitikia. Halafu mgeuze.